Kiti cha Nyuma

Mama Mapacha alikuwa bado ananukia vitunguu vya jikoni mwa shule anakopika, ingawa alikuwa amejisugua kwa ndimu mpaka kwenye kucha. Mumewe, dereva wa mkurugenzi, alimsubiri getini akiwa na shati lake la kazini, maana ndilo shati pekee alilonalo la kutokea.

"Kweli bosi kakuruhusu?" mkewe aliuliza. "Mtu asiyekupa hata Jumapili?"

"Kaniruhusu. Twende bwana, maswali yako hayaishi?"

Hakumwambia ruhusa hiyo aliipataje. Jana yake aliomba kistaarabu, akakataliwa. Ndipo aliporudi tena mbele ya meza ya mkurugenzi na kusema mkewe yu hoi, anampeleka hospitali.

Ukumbi wa maonyesho ya magari ulikuwa na ubaridi wa kiyoyozi, na siku hiyo kuingia ilikuwa bure. Mama Mapacha hakujali malori wala pikipiki. Alitaka kuliona gari ambalo mumewe alikuwa akimsimulia miaka nenda rudi, la matajiri wa kweli kweli. Walilikuta jukwaani juu ya zulia jeupe, jeusi tii, linang'aa hata wakajiona ubavuni mwake kama kwenye kioo.

Watu walikuwa wachache. Kijana muuzaji akawafungulia mlango wa nyuma. "Karibu mama, kaa tu. Kukaa hakulipiwi."

Mama Mapacha akavua viatu, akapanda. Akazama kwenye ile ngozi laini, akanyoosha miguu, akacheka kicheko ambacho mumewe alikuwa hajakisikia tangu mapacha waanze shule. "Kumbe wenzetu wanasafiri wamelala!"

Dereva alikuwa akicheka naye aliposikia sauti ya mkurugenzi nyuma yake.

Mkurugenzi alikuja na mkewe. Bibi huyo alichungulia ndani ya gari, akakunja pua. "Nani huyu kaachiwa kukaa humu? Si ndilo tulilokuja kulitazama sisi?" Muuzaji akababaika, akamwita mlinzi.

"Dereva," mkurugenzi alisema. "Wewe si uko hospitali? Na huyu nani?"

Dereva aliona kazi inaondoka, chumba kinafungwa kwa kufuli la mwenye nyumba, mapacha wanarudishwa kutoka shule.

"Simjui, bosi. Nimemkuta hapa hapa."

"Na mkeo?"

"Hali yake mbaya. Nimemwacha kwenye foleni ya daktari, nikapita mara moja tu kupoteza mawazo."

Kicheko mle garini kilikuwa kimekatika. Mama Mapacha alimtazama mumewe, akangoja. Mlinzi alipomshika kiwiko, bado alingoja. Kisha akashuka mwenyewe, viatu mkononi, na alipompita akasema kwa adabu, kama anavyosemeshwa mtu baki: "Pole na mgonjwa, kaka. Mungu atamsaidia."

Muuzaji akatoa kitambaa, akafuta kiti.

Dereva alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka.

"Maadamu upo," mkurugenzi alisema akimtupia funguo za gari lao la zamani, "mrudishe mke wangu nyumbani. Mimi nabaki nazungumza bei. Hospitali utapitia baadaye."

"Sawa, bosi."

Nje jua lilikuwa kali na magari yalikuwa yakitoka kwa kusukumana. Walimfikia Mama Mapacha akitembea pembezoni mwa barabara, macho mbele, viatu bado mkononi kama mtu aliyesahau kuwa anavyo. Alikuwa karibu kiasi kwamba dereva angenyoosha mkono angemgusa bega.

"Si yule mwanamke wa kwenye gari?" mke wa mkurugenzi alisema kutoka nyuma. "Watu wengine jamani, hawana hata haya."

Dereva alikaza mikono kwenye usukani.

"Ni kweli, mama," alisema.

"Pandisha kioo basi, vumbi linaingia."

Akapandisha kioo.