Mia Tatu Mezani kwa Nicolaus

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Amyn alitia dola ishirini mfukoni, akatoka kwa binti yake Shaila na kwenda jengo la pili, hapo hapo mtaa wa Crescent Town, Toronto, kucheza poka kwa Nicolaus. Ishirini ndiyo ilikuwa desturi ya meza ile: mtu aje na hela ambayo hata ikienda yote hatakosa usingizi. Walikuwa wanne. Nicolaus mwenye nyumba, fundi wa magari mstaafu kutoka Moshi. Shemeji yake, mtu asiye na maneno mengi. Gelasius, kijana wa Bukoba aliyepakia mizigo kwenye ghala moja. Na Amyn mwenyewe, ambaye zamani aliuza vipuri Mwanza, na sasa, duka lake la Toronto likiwa limekufa, alilala chumba cha nyuma kwa Shaila. Walicheza, wakanywa chai ya tangawizi, wakataniana mpaka jioni.

Ijumaa moja Shaila alimweleza baba yake kwamba mumewe, Zameer, amepata kazi Calgary na nyumba ya huko ni ndogo. Walikuwa wamemtafutia chumba cha bei nafuu mbali, upande wa pili wa jiji, kule Jane na Finch, kwa familia moja ya watu wazuri. Amyn aliuliza kama hawezi kubaki hapa hapa, karibu na wenzake. Shaila akamuuliza, kwa upole, kodi atalipa nani.

Kesho yake Amyn alisimama mbele ya kabati. Akiba yake yote ilikuwa dola mia tatu. Akatoa ishirini, akairudisha. Ishirini, hata bahati ikimwangukia, ingezaa nini? Akatoa mia. Akaona hiyo nayo haitoshi kitu. Alijua vizuri kwamba mtu akipeleka mezani hela anayoihitaji hachezi tena, anaomba. Alijua, na bado akazibeba zote.

Alipozipanga mbele yake, Nicolaus aliacha kuchanganya karata.

"Amyn, ndugu yangu," Nicolaus akasema, "hapa tunapitisha siku tu."

"Zangu zimeshapita. Gawa karata."

Wakacheza kwa shingo upande. Kila Amyn alipoongeza dau, Nicolaus na shemeji yake walitupa karata zao mapema. Gelasius peke yake ndiye hakutaka kuonekana mnyonge. Ishirini yake ilipoingia yote, akafungua pochi na kuongeza mia na ishirini. Nicolaus alimwambia aache, asisikie. Amyn alikuwa na wafalme watatu, na moyo ulimdunda kwa furaha ambayo hakuwa ameionja tangu afunge duka. Gelasius akafunua malkia wawili.

Amyn alikuwa ameshazikumbatia noti alipoiona sura ya kijana.

"Mia na ishirini ile ilikuwa ya kodi yake," shemeji alisema taratibu.

Amyn akazisukuma kurudi. "Chukua, mwanangu. Ni mchezo tu."

"Kama ni mchezo, basi nimeshindwa, Mzee," Gelasius akajibu. Akavaa koti, akaaga kwa adabu, akatoka.

Nicolaus hakugomba. Alikusanya karata akasema chai imepoa, na hakutia nyingine. Amyn alirudi nyumbani na hela zake na za Gelasius, na zote pamoja hazikutosha hata nusu ya kodi ya mwezi mmoja ya chumba hapo Crescent Town.

Jumamosi iliyofuata alikwenda na ishirini. Nicolaus alifungua mlango nusu, akasimama pale pale mlangoni. Alisema leo hawachezi, labda siku nyingine, na macho yake yalikuwa sakafuni. Ndani, karata zilikuwa zikichanganywa. Amyn alisema hakuna neno, akamwomba awasalimie wenzake.

Mwisho wa mwezi Zameer alimpeleka Jane na Finch kwa gari. Mama mwenye nyumba alimwonyesha bafu na rafu yake kwenye friji. Amyn alishukuru, akafunga mlango, akakaa kitandani bila kuvua koti. Sanduku hakulifungua siku ile, wala iliyofuata.