Sangara Aliyedai Jembe

Niliota usiku wa jana kwamba sangara amepiga hodi nyumbani kwetu Majita, kando ya ziwa, amevaa koti la marehemu baba. Sikushangaa. Niliona tu kwamba linambana mabegani.

Niseme kwanza kosa langu, maana ndoto hii nilijitakia. Mama yangu anaumwa, na wiki mbili sasa amekataa kila chakula. Anataka furu, vile visamaki vya miiba alivyokula tangu utotoni. Furu nitamtoa wapi mie, na sangara amewamaliza ziwani? Basi nikanunua mnofu wa sangara, nikaukata vipande vya ukubwa wa kidole, nikavianika juu ya bati, nikampelekea nikisema ni furu. Akatafuna, akaniangalia, akasema ahsante mwanangu, akasukuma sahani. Aibu niliyoipata, acha tu.

Sasa sangara ameketi sebuleni, maji yanamchuruzika. Anasema amefuata jembe lake.

"Jembe gani?" namuuliza.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nililetwa ziwa hili kwa ndoo, sikuja kwa miguu yangu. Babu zenu wakaniambia karibu, kula. Basi nikala. Hakuna aliyenipa kazi."

Namwambia kwa heshima kwamba hana mikono. Anajibu kwamba mwenyeji mwema haulizi hayo.

Mara tuko chini ya ziwa, kwenye viti vilevile. Gugu maji limetanda juu yetu, na kila likisogea linaomba radhi. Nalo ni mgeni, ila linasema jembe lake bado, leo ni siku yake ya pili tu. Lilipofika nilikuwa darasa la tatu. Leo nina mvi. Nalikubalia tu, maana ugomvi na majani sina nguvu nao.

Namwambia sangara jembe lipo nyuma ya mlango, lakini kwanza anitapikie furu. Anafikiri sana. Anakiri kwamba wachache wamemkwama kooni tangu zamani na humsumbua akicheka.

"Jembe moja, furu mmoja," anasema.

Anakohoa. Anatoka furu mdogo, amenuna, anajifuta mate ya mwenzake. Ananiuliza anatakiwa na nani. Namwambia ni mama yangu, Nyabweke, na kwamba naogopa atakufa hajamwonja.

"Nyabweke aliyekuwa akirudisha wadogo majini?"

"Ndiye."

Furu ananikazia macho mpaka najua habari za bati zimemfikia.

"Basi nipike mzima, na kichwa changu. Usinikatekate."

Naahidi. Nyuma yangu sangara ameshaanza kulima sakafu ya ziwa. Matuta yamepinda vibaya, lakini anajitahidi, sisemi uongo.

Nimeamka jua limeshatoka. Nyuma ya mlango jembe halipo. Nimelitafuta uani, nikalaani wezi, nikarudi ndani.

Mama ameketi kitandani na sahani tupu mapajani. Anachokoa meno. Ametoa kitu, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha tukitazame sote wawili: mwiba, mwembamba kama unywele.

"Leo hukunidanganya, Bwire," amesema. "Yupo mwingine?"

Nimevaa kandambili, nimekwenda kwa jirani kuazima jembe.