Tangawizi ya Shimoni

Pampu ilianza kukohoa wiki ya tatu baada ya mazishi. Kabla ya hapo ilikuwa pampu yenye adabu zake: mtu akivuta maji ya choo, inaamka, inasukuma, inalala. Nyumba ile ilikaa chini ya usawa wa barabara, kwa hiyo uchafu wake haukuweza kuteremka wenyewe hadi bomba kuu. Ilibidi upandishwe, na pampu ilifanya kazi hiyo miaka kumi na tano, shimoni mwake chini ya mfuniko wa chuma, ukuta mmoja tu toka kitanda cha bi mkubwa.

Sasa ikawa inaamka pasipo mtu kugusa maji. Vikohozi viwili vifupi, kimoja kirefu, kisha mkwaruzo, kama mtu anayesafisha koo ili aseme jambo.

"Umemsikia?" bi mkubwa aliuliza.

Mkwe wake alimsikia. Ndivyo mumewe, mwana wa bi mkubwa, alivyokohoa mwaka wake wa mwisho.

Mwenye akili zake angeita fundi. Hawa wawili walichemsha tangawizi. Kila asubuhi bi mkubwa aliamuru akiwa kitandani, kwani miguu ilishamuaga zamani, na mkwe akamimina sufuria nzima bafuni, maji na makapi yake. Lakini kadiri mgonjwa alivyonyweshwa ndivyo alivyozidi. Mwezi wa nne tangu mazishi alikohoa kila baada ya dakika kumi. Swichi ikaanza kujizima yenyewe. Mkwe akaiwasha, akasema "pole," akaenda zake kufua.

Kisha adhuhuri moja akaona unyevu mweusi umepanda ukutani kwa bi mkubwa, na miguu ya kitanda imelowa. Harufu ilimjibu kabla hajauliza.

"Mama, twende chumba cha juu."

"Nimwache na nani?"

Hapo ndipo alipoitwa Fundi Zibua, mtu mnene, mcheshi, aliyewahi kuzamia mitaro mingi na bado akala chakula chake vizuri. Alifunga bomba zote, akakataza choo, akaketi juu ya ndoo.

"Tunasubiri nini?" mkwe akauliza.

"Ikinyamaza, nitakunywa chai yako niondoke. Ikiamka wakati hakuna tone linaloingia, ina maana maji iliyoyapandisha yanarudi. Inasukuma yale yale kutwa nzima."

Ikakohoa. Bi mkubwa akasema toka ng'ambo ya ukuta, "Pole, mwanangu."

"Asante, mama," fundi akaitikia.

"Si wewe."

Fundi alichomoa plagi, akafunua mfuniko, akavuta pampu kwa mnyororo wake. Mafuta yalikuwa yanavuja, waya unanuka kuungua. Akafungua valvu inayozuia maji kurudi, akatoa bonge la nyuzi za manjano.

"Dada, nani anainywesha pampu tangawizi?"

Mkwe akatazama vidole vyake.

"Basi haya makapi yameushika ulimi wa valvu, haufungi. Ndiyo maana haikupata usingizi. Sikio la kufa halisikii dawa, sembuse chuma."

"Isafishe tu, fundi. Irudishe."

"Ningekuwa tapeli ningefanya hivyo. Mota imechoka kabisa. Itazima siku ambayo hamtaki, na uchafu utapanda mpaka godoro la bi mkubwa. Yeye hawezi kukimbia, dada."

Plagi ilikuwa bado mkononi mwake. Pampu ilikuwa juu ya gunia, inachuruzika. Na toka shimo tupu vikatoka vikohozi viwili vifupi, kimoja kirefu.

Fundi hakucheka. "Ni hewa bombani," alisema, lakini alisogeza ndoo yake nyuma.

"Mwacheni amalize," bi mkubwa akasema.

Wakamwacha. Ukaja ule mkwaruzo wa koo, safari hii mrefu, mrefu mno, hadi mkwe akainama juu ya shimo, mkono mmoja ukishika kanga kifuani. Kikafuata kimya. Neno halikuja.

Mkwe akainuka. "Weka mpya," akamwambia fundi.

Jioni ilikuwa haijaingia pampu mpya ilipowashwa. Bi mkubwa alisikiliza saa nzima, uso ukutani.

"Hakohoi," akasema hatimaye. "Amepona. Haya, nipandisheni huko juu, hapa kwanza kunanuka."

Fundi akambeba kama gunia la pamba, huku akitukanwa kwa kumbana mbavu. Akanywa chai yake, akaaga.

Mkwe alibaki chini na ufagio. Nyumba ilikuwa kimya kama nyumba ya watu wengine. Akaenda bafuni, akafungua bomba, akasikiliza: pampu ikaamka, ikasukuma, ikalala, haina neno. Akafunga. Akangoja dakika kumi, sikio kwenye ukuta.

Kisha akafungua tena.