Yoti Iliyodai Mkono wa Mwidani

Wewe unapita karakana ya boti pale horini kila siku, na ukilifikia lile vumbi la buluu unapandisha kioo cha gari na kuinamia simu. Usikatae, nimekuona. Kwa hiyo ndoto hii ni yako. Mimi usiku wa jana nimekuotea tu.

Niliota yoti ya Bwana Ansgar, yule anayelala, kupika na kufuga paka humohumo chomboni, imeshapakwa rangi upya na inangoja kushuliwa. Desturi yetu unaijua: chombo hakiingii majini mpaka kila aliyekifanyia kazi akiwekee mkono. Mafundi wanaweka mikono. Wanasukuma. Haitikisiki.

"Pana mkono haupo," yoti inasema, kwa sauti ya karani aliyekatiziwa chai.

Bwana Ansgar anauliza, wa nani huo.

"Wa Mwidani. Ndiye aliyenikwangua tumbo mwaka juzi."

Mwidani aliikwangua ile rangi ya sumu, inayopakwa ili chaza wasigande, uso wazi, akalimeza vumbi lake mpaka kifua kikamzika. Barakoa zilikuwapo, ndani ya kasha lenye kufuli. Ati zingechafuka. Mimi sisahau.

Mara tuko makaburini, na yoti iko nasi, imekaa juu ya kitoroli chake kama mfiwa. Chaza wamejaa jamvini wanasoma hitima. Mmoja ananisogezea kahawa.

"Sisi na marehemu tumeuawa na kopo moja la rangi," ananiambia. "Ila sisi tuliandikwa kwenye kopo."

Bwana Ansgar anatazama saa. Maji yanakupwa, anasema; basi yoti ichukue mkono wa Kombo, mdogo wake Mwidani, si ni mikono ileile? Kombo anakohoa kidogo, kwa adabu, anaunyoosha.

"Huo bado," yoti inasema. "Huo nitaudai mwakani."

Watu wakacheka. Nawe ulikuwapo, ulicheka bila kuinua macho kwenye simu.

Nikaamka. Ukutani, juu ya mto wangu, kiganja cha buluu, rangi mbichi, kidole cha shahada kimepungua pingili. Pingili ya Mwidani ilikwenda na msumeno. Kitambaa nilimfunga mimi.

Kombo anakaa chumba cha pili. Namsikia anakohoa huku ananoa chuma chake cha kukwangulia. Asubuhi hii wanaanza boti nyingine, na kasha bado lina kufuli.

Teremka garini. Shika nyundo, twende tukalivunje, kabla rangi ya ukutani kwangu haijakauka.