Debe Kumi kwa Gunia

Mimi jamani siyo mtu wa hesabu, shule niliishia la tatu. Lakini mpunga naujua. Kwetu Busale gunia lisilo na tumbo ni aibu. Wengine wanajaza debe saba, mimi nashindilia kumi, halafu naliongezea shingo kwa kamba. Sasa tumbo la gunia ndilo lililotaka kutuua.

Mwanangu Gwamaka alikuwa na pikapu, na tela alilochomewa na fundi Eliya. Siku ile tunapeleka mpunga mashineni Kyela. Mkewe, Kisa, alikuwa na mimba ya miezi minane, tumbo linamuuma tangu alfajiri, akasema naye tumfikishe hospitali. Kwa hiyo haraka ilikuwepo.

Eliya akapita, akachungulia springi. Zimelala kabisa, kama mtu aliyeshiba ugali.

"Gwamaka, umepakia ngapi?"

"Kumi na mbili kwenye gari, kumi kwenye tela. Kibati cha mlangoni kinasema kilo elfu moja. Gunia kilo themanini. Haijafika hata elfu, ndugu yangu."

Eliya akanigeukia. "Baba, gunia lako debe ngapi?"

"Kumi!" nikasema, tena kwa kujidai.

Akachukua kijiti, akaandika kwenye tope. Debe la mpunga kilo kumi na mbili. Gunia mia na ishirini. Magunia ya kwenye gari peke yake, elfu moja mia nne na arobaini.

"Na hiyo elfu ya kwenye kibati," akasema, "ni pamoja na nyie mtakaopanda. Na mdomo wa tela unaolalia nyuma ya gari, nao ni mzigo wa gari. Shusheni nusu."

"Fundi, wewe choma vyuma. Udereva niachie mimi."

"Haya. Mimi nitakuja kuchomelea mabaki."

Gwamaka akacheka. Mimi sikucheka, lakini sikushusha hata gunia moja. Matumbo yale niliyashindilia mwenyewe.

Halafu kuna jambo la kwetu. Mkamwana na baba mkwe hawakai pamoja. Hanitazami usoni, hatupeani mkono, hata jina langu halitaji. Vijana wengi wameacha, nyumba yangu haijaacha. Kwa hiyo mimi mzee mzima nikakaa mbele, na yeye na mimba yake akapanda juu ya magunia. Hakuna aliyeona ajabu.

Barabara ilikuwa na utelezi wa mvua. Tulipoanza kushuka kuelekea daraja la mbao, nikamwona Gwamaka anakata usukani na gari haligeuki. Pua imenyanyuka, tairi za mbele zinapapasa tu. Nyuma tela linatusukuma, dudu! dudu!

"Baba, halishiki," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Juu Kisa anapiga bati kwa viganja vyote. Gwamaka akakanyaga breki, gari likaserereka, likasimama limekaa upande. Chini maji ya mto yananguruma. Halafu likateleza kidogo. Likasimama. Likateleza tena.

"Siwezi kuachia breki! Mshushe Kisa, baba!"

Nikatoka. Nikasukumia jiwe chini ya tairi, nikasikia linasagika. Nikainua macho. Kisa amejifunika uso na kanga, ameshika kamba.

"Shuka, mama!"

Akazidi kuikaza ile kamba.

"Kisa! Nishike!"

"Baba, siwezi. Wewe ni baba."

Miaka minne, hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia.

"Leo mimi siyo mkwe, mimi ni ngazi! Kanyaga!"

Gari likateleza. Akakanyaga bega langu, akaning'ang'ania kichwa, tukaanguka wote kwenye majani. Nilimshika mkono nikasikia mapigo yake, au yangu, sijui. Jiwe likazama kwenye tope, tairi ikakwama hapo.

Wapita njia wakatusaidia. Tukafungua tela, tukaliegemeza kwenye ukingo wa barabara, tukabakiza magunia matano tu kwenye gari. Kisa akashika tumbo, akainama. Maumivu yalikuwa yamekaribiana.

"Akae mbele," nikasema. "Mimi nabaki na mpunga."

"Ndaga," akasema Kisa, kwa kwetu ndiyo asante. Alinitazama machoni. Mimi ndiye niliyeinamisha uso.

Wakashuka polepole. Kona ikawaficha, nikabaki na masikio. Nikasikia mbao ya kwanza ya daraja ikigonga. Ya pili. Halafu sikusikia kitu, mto umefunika kila sauti. Nikasimama, nikashika gunia, nikawa nasema Bwana, Bwana, sina neno lingine.

Ndipo nikasikia injini, mbali, ng'ambo, inapanda kilima.