Upatanisho wa Odeta

Watu walipohamishiwa kijijini kwa amri ya serikali, wakati wa Operesheni, viwanja viligawiwa kwa kamba, mstari kwa mstari, wala aliyeshika kamba hakuuliza nani ni mkwe wa nani. Ndivyo Shimba alivyojikuta jirani wa mama mkwe wake, bibi Teodora, nyumba zao zikitenganishwa na matuta ya viazi tu.

Kwa Wasukuma hilo ni jambo zito. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawagusani. Kwa hiyo wawili hao walijipangia maisha. Bibi akienda ziwani kuteka maji, Shimba alikaa ndani. Shimba akirudi kutoka shamba la kijiji, bibi aliingia jikoni. Wakikutana njiani kwa bahati mbaya, Shimba aliiacha njia akaingia majanini. Ilikuwa taabu, lakini taabu ya watu wanaoheshimiana, na kijiji kiliwasifu.

Mwaka mmoja walikuja vijana wa kanisa kutoka Ulaya, kukaa wiki tatu na kujenga darasa. Shimba, aliyejifunza Kiingereza katika masomo ya jioni kule mjini, Mabatini, akawa mkalimani wao. Aliionea fahari kazi hiyo. Alivaa shati lililopigwa pasi hata siku za kubeba matofali.

Miongoni mwa wageni alikuwamo binti aitwaye Odeta. Siku moja wakisomba mchanga ufukweni, alimwona Shimba akitupa karai na kukimbilia kwenye matete, kwa sababu bibi Teodora alikuwa anakuja na ndoo.

"Yule mama amekukosea nini?" Odeta alimwuliza aliporudi.

Shimba alijipangusa matope. Angeweza kumweleza kwa maneno machache. Lakini aliogopa binti huyu msomi asije akamwona mshamba, yeye ambaye kila jioni alizungumza naye habari za magazetini. "Hakuna kitu," akasema. "Tubebe mchanga."

Odeta hakuuliza tena. Alianza kuwaombea.

Jumapili ya mwisho wageni waliomba kuwaosha wenyeji miguu, kama Bwana alivyowaosha wanafunzi wake. Watu walifurahi. Mzee Ngosha alinyoosha miguu yake yenye magaga akasema, "Sugua, binti, hiyo ni barabara ya tangu Mjerumani!" Kanisa zima likacheka.

Kisha Odeta akaenda upande wa wanawake, akamshika bibi Teodora mkono, akamkalisha kwenye kiti mbele. Bibi, akidhani binti ndiye atakayemwosha, akavua kandambili zake. Odeta akaanza kusema kwa Kiingereza, na Shimba akafasiri sentensi kwa sentensi kama alivyozoea, mdomo ukiitangulia akili.

"Kijijini hapa kuna watu wawili waliogombana. Ni majirani, lakini hawasalimiani. Leo Mungu anawapatanisha. Ni mama huyu..." Shimba akasita. Odeta alikuwa amekwisha kumwekea taulo begani. "Ni mama huyu na mimi."

Wageni walikuwa wanamtabasamia, mmoja ameinua kamera. Shimba hakujua afanye nini, akapiga magoti. Mbele yake, kando ya beseni, ilikuwapo miguu mitupu ya mama mkwe wake. Akanyoosha mkono.

Bibi Teodora aliivuta miguu yake, akajifunika uso kwa khanga, akatoka nje pekupeku. Wanawake wakamfuata, benchi baada ya benchi.

"Nimefanya nini?" Odeta aliuliza. Ndipo Shimba alipomweleza, nje, karibu na rundo la matofali. Binti aliketi chini, uso umemwiva.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza na hukuniambia."

Nyumbani, Justa mkewe alikuwa amekaa kizingitini, nguo zake zimefungwa kwenye kitenge.

"Nitume mbuzi kwa mama?" Shimba aliuliza.

"Mbuzi afute nini, baba Nkwabi? Umemtangaza mama yangu kanisani kuwa mgomvi! Mwanamke aliyeacha hata kuanika nguo zake uani kwa ajili yako. Wazungu wako wanaondoka kesho na habari hiyo. Mama anasema uifute kwa ulimi ule ule, mbele ya watu wale wale. La sivyo anaomba kiwanja kwingine, nami ninamfuata."

Asubuhi lori lilikuwa linanguruma, tayari kwenda kwenye kivuko cha Busisi, na watu walikuwa wamejaa kuaga. Shimba akapanda juu. Alisema kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, jasho likimtiririka shingoni.

"Bibi Teodora hana ugomvi na mtu. Ni mkwe wangu. Nikimkimbia ninamheshimu, naye ananiheshimu. Niliulizwa nikanyamaza, kwa kuwa niliionea aibu desturi yangu."

"Ehee! Leo ndipo alipofasiri!" mzee Ngosha alipaza sauti, na watu wakacheka. Shimba hakucheka.

Odeta alipenya katikati ya wanawake mpaka nyuma kabisa, alikosimama bibi Teodora akiwa amelipa lori mgongo. Akapiga magoti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nenda salama."

Justa alifungua kitenge chake siku hiyo, na bibi hakuomba kiwanja kingine. Lakini kanisani hakurudi. Kila Jumapili Shimba alisimama mbele kusoma Neno, na kila alipoinua macho aliliona pengo kwenye benchi la wanawake, ambalo hakuna aliyethubutu kulikalia.