Bunduki Iliyomchosha Taisto Macho

Saimi Karjula aliingia dukani kwa Ensio Jumatatu asubuhi, akakung'uta matope ya viatu mlangoni, akaweka kibali cha polisi juu ya kaunta na kusema anataka bunduki ya kuwindia hirvi, yule mnyama mkubwa wa pembe pana wa misitu ya kaskazini. Iwe nzuri, lakini isimkamue. Ensio alikuwa anatafuna mkate wa iliki. Akapangusa vidole, akakisoma kibali mbele na nyuma, maana kilikuwa cha bunduki moja tu na hakutaka mteja aondoke na mbili halafu polisi waje kumsumbua yeye.

"Mama, tangu lini wewe ukawinda?"

"Tangu kiangazi. Nimefaulu mtihani wa shabaha."

"Umerudia mara ngapi?"

"Sijarudia."

"Wacha we! Marehemu mumeo Urho alirudia mara tatu," Ensio akasema, akaenda kuchomoa bunduki ukutani.

Akalaza mbili juu ya kitambaa, Tikka na Sako.

"Hizi ni watoto wa kiwanda kimoja," akasema. "Tikka nyepesi, komeo lake linateleza kama limepakwa siagi, bei yake ya mtu mwenye akili zake. Sako nzito kidogo, kitako cha mti wa jozi, na ukiwa nayo msituni hata majirani wenye maringo wanakusalimia wao kwanza. Hirvi mwenyewe, pamoja na urefu wake wote wa kumzidi farasi, hajui tofauti. Anakufa vilevile."

"Sasa nilipe zaidi kwa nini?"

"Shika kwanza, mama."

Saimi akaegemeza Tikka begani, akaielekeza mwisho wa duka alikosimama ndege mkubwa mweusi aliyejazwa pamba, akachungulia kwenye darubini. Yule ndege Saimi hakumwona. Alimwona Taisto Kinnula, mwenyekiti wa chama cha wawindaji cha kijijini kwao, ameketi jikoni kwake na soksi za sufu, anakunywa kahawa.

"Unamwona nani?" Ensio akauliza.

"Taisto Kinnula."

"Basi inakufaa. Kila mtu ana wake. Ijumaa alikuja bwana mmoja akamwona mkaguzi wa kodi, akachukua ya bei kubwa ili amwone mpaka vifungo vya shati. Na usidhani ni darubini. Darubini nimebadilisha weee, wapi! Ni bunduki yenyewe."

Kwenye Sako, Taisto alisogea karibu zaidi. Saimi aliona vinyweleo vya pua na chembe za sukari kwenye masharubu. Aliona pia kwamba amenenepa. Ulikuwa uso wa mtu anayelala usiku kucha bila kujigeuza, na hilo lilimuuma Saimi kuliko yote. Yeye hajalala vizuri tangu Oktoba mwaka jana, Taisto alipompiga Urho risasi ya kifua pembeni mwa kinamasi, kisha akasema kulikuwa na ukungu na alidhani ni hirvi. Polisi wakaandika ajali. Saimi alitaka Taisto afe. Alilitaka hilo akipika, akifua, akipasua kuni, mpaka likawa moja ya kazi za nyumbani.

Na sababu ya Taisto ilijulikana. Msitu wa Urho ulikuwa katikati kabisa ya ramani ya chama. Kiangazi kile kabla ya kifo chake Urho alikuwa ametangaza kwamba anauondoa kwenye chama, amechoka Taisto kupitisha trekta juu ya miche yake kama barabara ya baba yake. Bila msitu ule eneo la chama lingekuwa dogo mno, na kibali cha kuwinda hirvi kisingetoka. Urho akafa kabla hajatia saini. Kwenye kahawa ya mazishi Taisto alikuja na karatasi ya kukiachia chama haki ya kuwinda kwenye msitu ule, na kalamu yake mwenyewe, akamwambia Saimi, "Hapa chini tu, shemeji," na Saimi akatia saini, maana siku ile angetia saini chochote.

Novemba chama kikapika supu ya hirvi, kama kila mwaka, kuwashukuru wenye ardhi na kijiji kizima. Hirvi mwenyewe alikuwa ameuawa kwenye msitu wa Urho. Saimi alikula sahani mbili.

"Na ile kuukuu?" akauliza, akinyoosha kidole kwenye kona ya vitu vilivyotumika.

"Husqvarna. Ya Uswidi, ya zamani, kazi ya watu waliokuwa na muda. Nusu ya bei ya Tikka." Ensio akajikuna sikio. "Utaniuliza imefikaje hapa. Kaileta Taisto majira ya kuchipua, polisi walipomrudishia. Akachukua mpya. Alisema hii inamchosha macho."

Saimi akaipokea. Kitako kilikuwa na mkwaruzo alioufahamu, maana bunduki hii ilikuwa imeegemezwa jikoni kwake miaka mingi, Taisto alipokuwa akija kunywa kahawa na Urho. Akaiweka begani.

Hakumwona Taisto. Alimwona Urho, ameketi kwenye kisiki chake pembeni mwa kinamasi, na ile kofia ya rangi ya chungwa aliyomfumia Saimi mwenyewe kwa sufu iliyobaki. Palikuwa peupe. Jua lilikuwa limetoka, kila tawi la msonobari lilihesabika, ukungu hakuna hata wa kujaza kijiko. Urho akageuza shingo, akatazama moja kwa moja kwenye mtutu, akamtambua aliyekuwa nyuma yake, akainua kikombe chake cha mti kumsalimu, kama alivyowainulia wote aliowafahamu. Kisha picha ikarudi mwanzo, na Urho akageuza shingo tena.

"Ulijua?" Saimi akauliza.

"Nilichungulia nilipokuwa naisafisha," Ensio akasema. "Kila anayechungulia anamwona yeye. Ndiyo maana bei ni ile."

Saimi akalipa. Alifikiri amepata kitu cha bei rahisi kinachofanya kazi ya mahakama.

Alianza kwa askari Rautjoki, aliyeandika ile ajali. Rautjoki akafunga mlango wa ofisi, akaielekeza Husqvarna kwenye kalenda, akachungulia kwa muda wa kutosha.

"Ndiye Urho," akakiri. "Na kweli, ukungu sioni."

"Sasa?"

"Sasa nini, mama? Jalada lilishafungwa. Nikilifungua nitaandika nimeona kupitia nini?" Akamrudishia bunduki kwa adabu, kitako mbele. "Anaonekana ana afya. Nimefurahi kumwona."

Jioni Saimi akaenda kwenye kibanda cha chama. Ulikuwa mkutano wa kupangiana vituo vya kusimama siku ya kufungua msimu, na kwa kuwa msitu ni wake hakuna aliyethubutu kumwambia hana nafasi. Chungu cha kahawa kilikuwa kwenye moto. Saimi akaeleza kwa maneno machache ni bunduki gani hii na ina nini ndani, akaipitisha, nao wakaipokea mmoja baada ya mwingine kama wanavyopokezana sahani ya mkate.

"Ndiye huyo huyo," akasema Kauko, mweka hazina, mzee wa meno mawili. "Kofia ile ilikuwa inaonekana toka kanisani!"

"Siku ile palikuwa peupe, mimi nakumbuka," akasema mwingine. "Niliungua na pua."

"Mwangalie anavyoinua kikombe. Masikini Urho. Hakuwa na neno na mtu."

Hakuna aliyebisha. Saimi alikuwa amejiandaa kwa kubishiwa. Alikuwa na majibu yake yote tayari, mengine ameyafanyia mazoezi mbele ya jiko. Akabaki nayo mdomoni.

"Basi mmeona," akasema. "Alimwona, akamjua, akampiga. Mtafanya nini?"

Kauko akakoroga kahawa yake isiyo na sukari.

"Saimi dada yangu," akasema, "wewe unataka tufanye nini? Mwenye trekta ni Taisto. Januari theluji ikifika kiunoni, nani atatufungulia barabara? Wewe?"

Bunduki ikamfikia Taisto mwisho. Akachungulia kwa muda mrefu kuliko wote, jicho la pili limefumbwa kabisa, na kibanda kizima kikamsubiri amalize. Akaishusha, akapangusa kioo cha darubini kwa mkono wa sweta.

"Ilikuwa bunduki nzuri hii," akasema. "Umeipata kwa bei gani, shemeji?"

Saimi akataja bei.

"Loo! Ensio mwizi. Mimi alinipa theluthi ya hiyo."

Wakacheka, na mkutano ukaendelea. Vituo vikapigiwa kura kwa vijiti. Saimi akaangukia kisiki cha Urho. Taisto akaangukia ng'ambo ya kinamasi, mahali pake pa mwaka jana, akasema vizuri, wataonana vizuri pale, hakuna miti katikati. Akamkumbusha kuvaa nguo nzito.

Walipotoka nje Saimi alisimama nyuma ya rundo la kuni, akamlenga Taisto aliyekuwa anafungua gari lake. Umbali ulikuwa mdogo, hata mtoto angepata. Lakini kwenye darubini hakukuwa na gari wala Taisto. Alikuwepo Urho, anageuza shingo. Saimi akahamisha mtutu kushoto, Urho akahamia kushoto. Akaushusha, akamwona Taisto kwa macho yake mawili, akaupandisha, akamwona Urho na kikombe. Bunduki hii ilikuwa na mtu mmoja tu ndani yake, na anayetaka kumpiga mwingine ilimpasa kumpiga yeye kwanza. Gari likaondoka.

Nyumbani Saimi aliketi na bunduki mezani, akamtazama mumewe mpaka chai ikapoa. Alimtukana Taisto kwa sauti, matusi ambayo Urho asingependa kuyasikia, na Urho kila mara aliinua kikombe. Alimpenda sana. Alitamani hata aache kusalimia watu hovyo.

Kesho yake asubuhi alikuwa dukani tena.

"Nataka kubadilisha," akasema.

Ensio akaitazama Husqvarna, akamtazama yeye.

"Mama, huyu ni mumeo."

"Najua ni mume wangu."

"Nauliza tu. Maana ukiiacha hapa, kibali chako ni cha moja. Huwezi kuja kesho useme unataka zote mbili." Ensio akashusha sauti ingawa duka lilikuwa tupu. "Chukua angalau Tikka basi, ubaki na akiba. Kwa hirvi inatosha kabisa."

"Na kwa vifungo vya shati?"

"Kwa vifungo," Ensio akasema, "Sako."

"Lete Sako."

Ensio akaileta. Saimi akaielekeza kwa ndege wa pamba. Taisto alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba yake, anapaka viatu mafuta kwa ajili ya Jumamosi, siku ya kufungua msimu. Kifungo cha tatu cha shati kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa rangi tofauti. Saimi akakitazama kifungo kile mpaka akakijua.

Ndipo akaichukua Husqvarna kwa mara ya mwisho. Urho akageuza shingo, akainua kikombe. Safari hii Saimi naye akainua mkono, ule usioshika mtutu, akaushusha.

"Nimeshamwona," akasema, akampa Ensio.

"Na risasi? Boksi zima, au nikufungulie chache? Wengine huchukua chache."

"Boksi zima. Supu ililiwa na kijiji kizima."

"Ulikula na wewe, mama."

"Nakumbuka," Saimi akasema. "Sahani mbili."

Ensio akamwandikia risiti, akamfungulia mlango kwa kuwa mikono ya Saimi ilikuwa imejaa. Gari la Saimi lilipopotea njiani akairudisha Husqvarna kwenye kona ya vitu vilivyotumika, akakata bei iliyokuwepo kwa kalamu nyekundu na kuandika ya chini zaidi, kisha akaenda kupasha kahawa.